Maji Aliyoyaua Mama Sahani

Mama Sahani hakuzaliwa na jina hilo. Alilipatia zizini, maana kila asubuhi alisimama ukingoni mwa bwawa na kijiti chake, na mwisho wa kijiti pamefungwa sahani nyeupe ya bati kwa waya. Anaitumbukiza ndani ya maji ya kijani, anaitazama inavyopotea. Ikipotea upesi, ukijani umeshiba, wakati wa kuvuna umefika. Ikionekana mpaka chini, ukijani una njaa. Kazi hiyo aliijua, hilo hanyimwi. Mengine ndiyo atanyimwa.

Zizi lenyewe lilikuwa la ng'ombe wa maziwa, nje kidogo ya mji, pale nyumba zinapoanza kupungua na mashimo ya barabara kuongezeka. Mavi na mkojo vilisukumwa kwa maji kwenye mfereji wa saruji mpaka shimo la kwanza. Mazito yalizama humo, yakaenda kutengeneza gesi ya kupikia. Maji ya juu, yale ya rangi ya chai iliyochacha, yaliingia kwenye mabwawa mawili marefu yaliyopinda kama uwanja wa mbio, kina chake hata kuku angesimama. Gurudumu lenye makasia lilikuwa likizunguka humo kutwa nzima, chwa, chwa, chwa, ili maji yasilale.

Na ndani ya maji hayo ndimo ulimoishi ukijani. Si majani, si matope. Ni vijimea vidogo, kimoja kimoja huvioni hata ukodoe macho, ila vikizaana vinageuza bwawa zima rangi ya ndizi mbichi. Vinakula ile chumvi ya mkojo na mbolea iliyomo majini, vinanenepa, na maji yanatokea upande wa pili yamepoa, hayanuki, jirani wa bondeni anamwagilia kabichi zake. Ukijani wenyewe unachujwa kwa kitambaa, unaanikwa kwenye trei, unasagwa, wafuga kuku wanaugombania.

Sasa niambie, hiyo ni kazi ya kuionea haya? Lakini yeye aliionea haya. Harufu ndiyo iliyomtesa. Akitoka kazini anajisugua kwa ndimu mpaka ngozi inawasha, anabadilisha nguo chooni, anapita njia ya nyuma ya maduka. Akiulizwa anafanya kazi gani, anajibu, "Niko kwenye maji." Anaishia hapo, midomo kaibana kama mkoba. Watu wakadhani ni ofisi ya maji, yenye kiti cha kuzunguka na feni. Yeye akawaacha wadhani.

Uongo mdogo huo ungekaa ulipo, usimdhuru mtu. Ila binti yake akapata mchumba.

Mchumba mwenyewe kijana mpole, fundi wa friji. Shida haikuwa yeye, ilikuwa mama yake: mwanamke mrefu, maneno machache, akikutazama unajikuta unaweka kitambaa cha kichwa sawa. Siku ya kwanza walipokutana kwa ajili ya kufahamiana, mama huyo aliuliza, "Na wewe mkwe wangu, shughuli zako?"

"Niko kwenye maji," akasema Mama Sahani.

"Maji ya nini?"

"Ya kusafisha." Akapiga funda la soda ili asiulizwe la tatu.

Binti alikuwa pembeni anamtazama mama yake kama mtu anayemtazama mwenzake akivuka barabara bila kuangalia. Walipobaki wawili alisema, "Mama, si ungemwambia tu? Ng'ombe si dhambi."

"Wewe nyamaza, mimi ndiye ninayekuoza."

Basi mama mkwe akatuma salamu. Jumapili watakuja, yeye na dada yake, wakae kidogo nyumbani, halafu kabla ya kurudi wangependa kupita kazini kwa mkwe wao waone hayo maji. Mchumba alikuwa ameshasema kila kitu, unafikiri kijana mpole anajua kuficha? Alishasema ng'ombe, alishasema mabwawa. Alichokisahau ni kumwambia Mama Sahani kuwa amesema.

Hapo ndipo mtu mzima alipopotewa na akili.

Alianzia nyumbani. Juu ya dirisha la jikoni palikuwa na chupa kubwa ya kioo yenye maji ya kijani, kitambaa chepesi kimefungwa mdomoni. Watu wa kazi ile huiita mama. Kila anayetunza mabwawa huweka mama nyumbani kwake, mbali na zizi, penye jua la wastani, anamlisha kijiko cha maji ya mkojo yaliyopoa, anamtikisa asubuhi na jioni. Bwawa likifa kwa bahati mbaya, unamleta mama, unaanza upya. Ukikutana na wenzako wa kazi hiyo hawakuulizi watoto hawajambo, wanauliza mama yuko salama? Ndivyo mama alivyo mkubwa kwao.

Mama Sahani akamtazama mama wa dirishani, akaona maji ya mtaro. Akaona na mama mkwe anavyoyatazama. Akaishika chupa, akaimimina kwenye sinki, akafungulia bomba, kijani kikazunguka kikaondoka. Chupa akaisugua kwa sabuni, akaitia maua ya plastiki.

Jumapili hiyo tajiri, mwenye zizi, alikuwa amesafiri kuzika. Mkamuaji alikuwa amemaliza zamu ya alfajiri amelala. Mama Sahani akabaki peke yake na ng'ombe, na ng'ombe hawasemi.

Langoni palikuwa na beseni la kukanyagia viatu, na kando yake dumu la dawa ya kuulia vijidudu, ile ambayo ikitiwa majini inageuka nyeupe kama maziwa na harufu yake inapanda hadi kwenye ubongo. Kifuniko kimoja kwa beseni zima, ndivyo tajiri alivyoagiza. Mama Sahani akalibeba dumu zima. Akamwaga zizini, sakafuni, kutani, kwenye vihori, akasugua kwa ufagio wa miti mpaka saruji ikawa nyeupe kuliko siku ilipomwagwa. Akalisuuza dumu ili asipoteze hata tone, na masuuzo nayo akayamwaga.

Mfereji wa zizi hilo una njia panda. Pana ubao wa kuchomoa. Siku ya kuosha kwa sabuni au dawa, unauhamisha ubao, maji yanakwenda kwenye shimo la kando, hayagusi mabwawa. Mtoto wa chekechea ungemfundisha mara moja angekumbuka. Na yeye alikumbuka, msije mkasema alisahau. Aliushika ubao kabisa. Lakini shimo la kando liko karibu na lango na lilikuwa limekaribia kujaa, na likijaa linatema nje, linanuka, na lango ndipo wageni watakapoingilia. Akauachia ubao ukakaa ulipokuwa.

"Dumu moja tu," akajiambia. "Bwawa lote lile litajua nini?"

Maji meupe yakateremka na mfereji, yakakaa kidogo shimoni, yakaingia kwenye kijani. Gurudumu likayachanganya vizuri. Chwa, chwa, chwa.

Lilibaki dumu tupu, na dumu tupu linauliza maswali. Akalijaza maji, akatia na maziwa ya ng'ombe yaleyale, lita nzima, yakawa meupe. Ukilitazama, dawa. Akalifunga kifuniko kwa nguvu, akalirudisha langoni.

Wageni wakaja. Mama mkwe akaingia zizini na viatu vyake vizuri, akasimama katikati, akavuta pumzi. Akatazama ng'ombe, akatazama sakafu, akamtazama Mama Sahani.

"Pasafi," akasema.

"Ndivyo tunavyokaa siku zote," akasema Mama Sahani, jasho linamtiririka mgongoni.

"Hm," akasema mama mkwe. Dada yake akapiga chafya kutoka zizini hadi kwenye gari.

Mama Sahani akalala usingizi wa mtu aliyefaulu.

Jumatatu alipoingiza sahani, maji yalikuwa na rangi ya majani yaliyochemshwa yakasahaulika jikoni. Jumanne yalikuwa ya manjano, na juu yake povu lenye mabaka kama ngozi ya mgonjwa. Jumatano sahani ilionekana mpaka chini, na chini palikuwa na utelezi mweusi, na harufu iliyopanda hapo, eh! Ile harufu ya ng'ombe aliyokuwa akiikimbia ilikuwa marashi. Hii ilikuwa ya mzoga. Kijani kilikufa chote, kikaanza kuoza, na maji ya zizi yakapita juu yake bila kuliwa na kitu, yakateremka bondeni vilevile yalivyotoka kwa ng'ombe.

Jirani wa bondeni akapanda na mche wa kabichi mkononi, umelala kama kitambaa kilicholoa.

"Tajiri, mmenipa nini safari hii? Nimwagilie hii nile mimi na watoto wangu? Vyura wote wa mtaroni wamegeuza matumbo juu!"

Tajiri alikuwa mtu wa sauti ndogo. Akikasirika inazidi kuwa ndogo, mpaka usogee kumsikia. Akamwita binti wa maabara, yule anayekuja kupima maji na vichupa vyake. Binti akachota, akatia dawa zake za rangi, akachungulia kwenye hadubini, akatikisa kichwa.

"Wadudu wanaokula ukijani hawapo," akasema. "Nao wamekufa. Hapa imeingia sumu, tajiri. Dawa ya aina fulani. Nani alitumia dawa?"

Mama Sahani akatazama vidole vya miguu yake.

Na hapo, wakati ulimi wake unaota kutu, akasema mtu mwingine.

Huyo ni mkamuaji. Walimwita Mafua, kwa sababu pua yake iliziba tangu utotoni na haikuzibuka. Akisema neno lenye m, mara nyingine linatoka lenye b. Hakuwahi kunusa zizi hata siku moja, tajiri alikuwa anasema ndiyo maana anapenda kazi. Mtu mwenye vichekesho, mwenye mikono laini, ng'ombe mkaidi akimwona anasogeza mguu mwenyewe. Mama Sahani alikuwa akimwita mdogo wangu, naye akimwita dada, na saa ya chai walikuwa wakinywea kopo moja likipungua la pili.

"Tajiri," akasema Mafua, "labda ni bimi."

"Wewe nini?"

"Yule ng'ombe mweusi kiwele kilimvimba. Jumamosi nilimpa dawa ya daktari. Ndoo niliisuuza... sikumbuki kama nilihamisha ubao. Nadhani nilihamisha. Lakini sikumbuki, tajiri. Nilikuwa na haraka."

"Ndoo moja?" akauliza binti wa maabara, uso umejikunja. "Ndoo moja isingefanya hivi. Labda..."

"Labda ilikuwa kali," akasema Mafua, na macho yake yameshaloa. "Bimi ndiye. Hakuna mwingine aliyeshika dawa hapa."

Alimgeukia Mama Sahani. "Dada, nisabehe. Niliona unavyoyapenda baji yako. Nibeyaua."

Ungemsikia, ungecheka kwa lafudhi na ungelia kwa maneno. Na yule mtu mzima, mama wa bibi harusi, unajua alifanya nini? Alimpigapiga bega. Akasema, "Basi, mdogo wangu. Hutokea."

Alimsamehe! Akamsamehe mtu kosa lake mwenyewe, na akaona raha kidogo, kama anayejikuna.

Tajiri akasema kwa ile sauti ndogo, "Mafua, ukifika mwisho wa mwezi utafute pengine. Sikufukuzi kwa ubaya. Jirani anataka kunishtaki, lazima nimwonyeshe nimechukua hatua." Halafu akamgeukia mwingine. "Mama Sahani, mlete mama. Tuanze upya."

"Mama... mama amevunjika, tajiri."

"Amevunjika lini?"

"Paka," akasema. Hakuwa hata na paka.

Tajiri akafumba macho. Shamba lingine lenye mabwawa ya namna hiyo lilikuwa mbali, na ukijani wake wa maji ya samaki, haujazoea ukali wa mkojo wa ng'ombe. Huu wao ulikuwa umelelewa hapohapo, kizazi juu ya kizazi, ndiyo maana ulikuwa unakula vizuri.

Mafua akaondoka bila kuaga. Wakadhani amekwenda kulia. Alirudi kapanda baiskeli, shati limejaa upepo, na kwenye kikapu cha mbele, kamfunga kwa sweta kama mtoto mchanga, chupa ya kijani. Kijani chenyewe, kibichi, kinameremeta.

Zamani, Mama Sahani alipokuwa bado anaringia mabwawa yake kwa wenzake, alimgawia Mafua kidogo kwenye chupa ya achari, kwa mzaha. "Chukua na wewe uwe na mama, usije ukaitwa yatima." Mafua aliichukua kwa kicheko. Kumbe akaiweka dirishani. Kumbe akawa anamlisha na kumtikisa, akamhamishia chupa kubwa, na mkewe anamtania kuwa ana mke mwenza wa kijani.

"Dada," akasema Mafua, akimnyooshea kwa mikono miwili. "Siwezi kurudisha nilichoharibu. Lakini huyu ni wa kwako, wewe ndiye uliyenipa."

Hapo ndipo mahali pa kusema. Hakuna mahali pengine Mungu angeweza kumtengenezea pazuri zaidi: tajiri yupo, binti wa maabara yupo, aliyeonewa yupo na kasimama mbele yake na zawadi. Angesema tu, "Ni mimi." Maneno mawili, hata pua iliyoziba ingeyatamka.

Akaipokea chupa. Akasema, "Asante."

Kazi ya kuanza upya si mchezo. Mabwawa yakamwagwa, yakasuguliwa kwa maji matupu, yakaachwa yapigwe jua. Mama akatiwa kwenye beseni, kutoka beseni akaingizwa tangini, kutoka tangini kwenye pembe moja ya bwawa iliyozuiwa kwa mbao, maana ukimtupa kwenye maji mengi kwa mara moja anakonda, jua linamuunguza. Na huku ng'ombe hawaambiwi wasubiri. Mkojo unakuja, mavi yanakuja, na bwawa halipokei. Ilibidi maji yale yabebwe kwa ndoo mpaka kwenye shimo jipya juu ya kilima.

"Nipeni bimi," alisema Mafua. "Pua yangu haifanyi kazi."

Akawa anakamua alfajiri, halafu anabeba ndoo mpaka mchana, mabega yamekatika, suruali imelowa maji ya mkojo. Anapita mbele ya Mama Sahani na kusema, "Dada, mama anaendeleaje?" Na yeye, kainama juu ya beseni, anajibu, "Anapendeza." Hata kuinua uso hawezi.

Kila akimeza anamwona Mafua na ndoo. Na langoni kulikuwa na dumu. Maji na maziwa, kifuniko kimebanwa, jua la kutwa: dumu lilianza kuvimba. Kila asubuhi akiingia analiona tumbo limeongezeka, kama la mwanamke ambaye watu wote wanajua isipokuwa mumewe. Akitoka jioni analikwepa kwa macho. Siku moja tajiri alilipiga teke kidogo kwa mguu akipita, akasema, "Hii dawa imeingia nini?" akaenda zake. Mama Sahani akashika ufagio, akaanza kufagia palipokwisha kufagiliwa.

Angeweza kulimwaga. Mara ngapi alilishika mpini! Lakini kulimwaga ni kulibeba mbele ya watu, na alihisi akilibeba litasema.

Alimaliza wiki hizo hivyohivyo, mpaka binti yake aliporudi siku moja kutoka kwa wakwe. Ilikuwa mchana, Mama Sahani anachambua mchele.

"Mama, mama mkwe anakuuliza. Wale ng'ombe wamepona?"

"Wamepona nini?"

"Anasema siku ile alisikia dawa kali mno zizini. Anasema hakuna anayeosha zizi kwa dawa namna ile ila ng'ombe wawe na ugonjwa. Yeye kakulia nyuma ya ng'ombe, mama. Baba yake alikuwa mchungaji wa kuajiriwa. Alikuja kuona ng'ombe, amewakumbuka, akakuta harufu ya hospitali. Anasema alitaka kukuuliza palepale lakini alikuona unatoka jasho, akadhani mna msiba wa mifugo hamtaki kusema."

Mama Sahani akaendelea kuchambua mchele, ila alikuwa anatupa mchele na kubakiza mawe.

Binti si mjinga. Alitazama ile chupa ya maua ya plastiki dirishani. Akakumbuka kuwa ndiyo chupa aliyokuwa akiishi mama wa kijani. Alikuwa ameshasikia habari za Mafua, maana mkewe Mafua anasuka nywele mtaa wa pili na analia huku anasuka.

"Mama," akasema polepole. "Ile dawa iliingia wapi?"

Mama Sahani akatupa punje nyingine.

"Mama. Wewe umemwacha yule baba abebe kosa lako?"

"Nilifanya kwa ajili yako," akasema Mama Sahani. "Wasije wakakudharau. Wasiseme mama yake ananuka."

Binti akasimama. Hakupiga kelele, angepiga kelele ingekuwa nafuu.

"Nimelala kifuani kwako na harufu ya ng'ombe tangu nina akili," akasema. "Sikuwahi kuiona kuwa ni harufu. Ilikuwa ni mama amerudi. Leo ndiyo umenuka, mama." Akachukua mkoba wake akatoka, na pazia likabaki linacheza mlangoni.

Usimpongeze Mama Sahani kwa yaliyofuata. Mtu akisukumwa ndani ya maji hasemi amepiga mbizi.

Asubuhi yake aliingia langoni, akalishika dumu kwa mpini, akalibeba kifuani mpaka katikati ya zizi. Tajiri alikuwa anakagua kiwele cha yule mweusi, Mafua kachuchumaa na ndoo. Hakujua aanzie wapi, basi akaanza na kifuniko. Akakizungusha.

Dumu lilipasuka kwa sauti kama ya bunduki. Maziwa yaliyooza yakaruka mpaka darini, yakamwagikia yeye kichwani, usoni, kifuani, mabonge mabonge. Ng'ombe wakarudi nyuma. Tajiri akaziba pua. Mafua peke yake ndiye hakuziba kitu, akakimbilia kumfuta kwa shati lake.

"Dada! Dada, ubeubia?"

"Niache," akasema Mama Sahani. "Usinifute. Hii si dawa. Dawa niliimwaga mimi. Dumu zima, siku tajiri alipokuwa msibani. Niliosha zizi kwa ajili ya wakwe zangu. Ubao niliuona, nikaushika, nikauacha makusudi. Na mama hakuvunjwa na paka. Nilimmwaga kwenye sinki."

Mafua alikuwa bado na shati mkononi. Alichuchumaa vilevile, akimtazama kutoka chini.

"Nilipokuoba radhi," akasema, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Nilipoleta chupa?"

"Nilikuwa najua."

"Na ndoo? Siku zote hizo ukiniona na ndoo?"

Maziwa yalikuwa yakimtiririka kwenye kope na hakujifuta.

Mafua akasimama, akavaa shati lake lilivyo, akarudi kwa ng'ombe. Akakaa kwenye kigoda, akaweka paji la uso kwenye ubavu wa yule mweusi, akaanza kukamua. Maziwa yakalia ndani ya ndoo, tsss, tsss.

Tajiri sauti yake ilikuwa ndogo mpaka haikusikika, ilibidi arudie. "Mafua haendi popote. Nitashuka mwenyewe kwa jirani kumweleza. Ndoo ni zako. Mpaka bwawa lipokee."

Mama Sahani akabeba ndoo. Umri ule, mgongo ule. Alipita nazo mbele ya barabara, mchana kweupe, mkojo unamrukia sketi, hakupita njia ya nyuma ya chochote. Siku moja gari likasimama, akashuka mama mkwe, mrefu vilevile. Alishaambiwa, binti alimwambia yote. Hakumkumbatia, hakumtukana. Alitazama ndoo, akasema, "Mkwe, ukitia majani machache juu ya maji, hayamwagiki njiani. Baba alikuwa anafanya hivyo." Akapanda gari. Harusi ilifanyika, na mama wa bibi harusi alikaa safu ya mbele, na kila aliyemsifia binti yake alimtia mwiba.

Bwawa likarudi. Kwanza rangi ya maji ya mchele, halafu ya ndizi mbichi. Siku sahani ilipopotea upesi kama zamani, alisimama ukingoni akaitazama, hakukuwa na wa kumwita aone. Mafua alikuwa zizini. Akisalimiwa anajibu "salaba," anaendelea na kazi. Dada lilishatoka kinywani mwake. Chai anakunywa na ng'ombe.

Mama Sahani akaichukua ile chupa ya Mafua. Akaiosha kwa maji matupu, mara nyingi, bila sabuni, akaichovya kwenye kijani kizuri kabisa cha katikati ya bwawa, akaifunga kitambaa kipya. Akampelekea zizini kwa mikono miwili.

"Mama wako," akasema. "Amepona."

Mafua akaipokea, hakuwa mtu wa kumtupia mtu kitu. Akatoka nayo mpaka ukingoni. Akafungua kitambaa, akaimimina yote ndani ya bwawa, akaisuuza, akaisuuza tena. Halafu akakunja suruali, akainama, akajichotea mwenyewe.

Kitambaa kipya alikiacha ukingoni. Mama Sahani akakiokota.